Kipimo cha Ndani ya Silinda

Injini ya maji ilikufa mara ya pili siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri, saa nne tu baada ya sisi kuiwasha. Nilikuwa nimechutama kando ya kisima nikifuta mafuta mikononi niliposikia mlio wake ukibadilika. Kwa kawaida ule mlio wa kugonga ulisikika hadi barabarani, na watu wa pale Garsen walikuwa wameuzoea kama walivyozoea sauti za jirani zao. Ghafla ukawa mzito. Gurudumu kubwa la pembeni likapunguza mwendo, likasitasita, likasimama. Moshi mwembamba ukatoka ubavuni mwa silinda, na tukabaki na kimya.

"Imenoki," akasema mzee.

Hivyo ndivyo mafundi wasemavyo pistoni inapopata moto, ikavimba, ikashikana na ukuta wa silinda. Mzee aliweka kiganja chake juu ya kile chuma, akakiondoa haraka kwa sababu kilikuwa kinachoma, kisha akakirudisha palepale.

"Ni mikono yangu hii," akasema. Hakuwa akisema na mimi.

Yeye alikuwa fundi mkuu wa karakana ya mradi wa maji, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mtoto wa wakulima wa kandokando ya Mto Tana, nimerudi nyumbani na cheti cha ufundi kutoka Mombasa ambacho ndugu zangu hawakujua wakifanyie nini. Mwanamke anayefungua injini lilikuwa jambo geni. Siku niliyoripoti kazini, mzee alinipa spana, akaniambia nifumbe macho, akawasha injini ndogo ya kusagia, akaniuliza kama nasikia kitu. Nikamwambia nasikia vali moja imelegea. Akasema, "Basi. Kaa hapa." Hatukuwahi kuzungumzia tena habari ya mwanamke na mwanamume.

Mwaka ulikuwa wa tisini na nane. Mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia zilikuwa zimefunika bonde zima, mashamba ya mpunga na migomba yote chini ya maji, na ile injini yetu ilikaa wiki kadhaa ndani ya tope. Huko ndiko ilikokufa mara ya kwanza. Maji yalipopungua tuliifungua, tukakuta mchanga umekula ukuta wa silinda. Ukuta huo ni bomba zito la chuma linaloitwa slivu, ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Tuliling'oa, tukalipeleka kwa wachongaji mjini Mombasa walitanue kidogo, tukaagiza pistoni kubwa zaidi ya kulijaza. Kazi yote ilichukua karibu miezi miwili. Na sasa, baada ya saa nne za maji safi, tulikuwa tumerudi tulikoanza.

Ili nieleweke, lazima niseme kidogo juu ya pengo. Pistoni haitakiwi kugusa ukuta wa slivu hata kidogo; kati yake na ukuta lazima pabaki nafasi ya mafuta. Kwa injini yetu nafasi hiyo ilikuwa sehemu kumi na mbili za mia ya milimita moja. Chukua nywele mbili, uzilaze pamoja, hapo utakuwa umeikaribia. Ikizidi, injini inakosa nguvu na kula mafuta. Ikipungua, inanoki. Kwa hiyo kazi ya fundi, kabla ya kuunganisha chochote, ni kujua kwa hakika upana wa ndani wa slivu. Sisi upana huo tuliupima kwa kalipa ya miguu miwili, chombo rahisi kama koleo lililogeuzwa nje. Unaipanua ndani ya mdomo wa slivu mpaka miguu ihisi chuma, unaitoa bila kuitikisa, unaipeleka kwenye mikromita, chombo cha kusomea vipimo vidogo sana, na kusoma. Kila kitu kinategemea mguso wa vidole, na mikromita yenyewe husomwa kwa mistari myembamba kama nyuzi za buibui.

Slivu liliporudi kutoka kwa wachongaji, mzee ndiye aliyelipima. Alisoma mikromita akiwa ameinyoosha mbali na uso, mkono wote ukiwa umenyooka. Akaandika namba kwa chaki ukutani. Niliona ule mkono ulivyonyooka. Nilijua maana yake, maana baba yangu mwenyewe alikuwa akisoma Biblia hivyohivyo. Nami sikuomba nipime tena. Nilijiambia ni heshima. Siku ile ya Jumanne, nikitazama moshi unavyopotea juu ya kisima, nilijua kwamba kama kosa lilikuwa la macho yake, basi lilikuwa pia la mdomo wangu.

Watu wakarudi mtoni. Pale mlimani, kama tulivyokiita kiinuko kidogo penye tangi la maji, waliishi wakulima waliohama mabondeni na wafugaji waliopoteza ng'ombe kwa mafuriko, na wote walikuwa wakitegemea tangi letu. Kisima chenyewe kilikuwa kirefu na kimefunikwa kwa zege, huwezi kuteremsha ndoo. Bila injini hakuna maji. Kwa hiyo walishuka na mitungi yao hadi malka, ile njia pana ambayo wafugaji hushushia mifugo kunywa maji. Tangu mafuriko, mamba walikuwa wamezoea kukaa pale.

Siku ya tatu, mwanamke mmoja wa wafugaji alikuja karakana. Nilimjua kwa sura. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alizoea kupita akituuliza hali ya injini kama mtu anayeulizia mgonjwa. Siku hiyo alikuwa amefunga kifundo cha mkono kwa kitambaa. Alikifungua akanionyesha. Ngozi ilikuwa imechunika duara zima.

"Mamba shika mtungi," alisema. "Mimi kamba iko mkononi. Yeye vuta, mimi vutwa. Maji iko hapa." Akaweka mkono kifuani. "Wanaume wawili piga yeye fimbo, piga, piga, kamba katika."

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake.

"Fundi, mimi si kuja kulaumu," yule mama akasema. "Mimi kuja kuuliza tu. Maji lini?"

"Hivi karibuni, mama," nikamjibu. Nilijisikia muongo. Akaitikia kwa kichwa, akafunga kitambaa chake, akaenda zake. Mzee alirudi kwenye meza yake, akachukua ile kalipa, akaitazama muda mrefu, akaitia ndani ya droo na kuisukuma droo kwa goti.

Afisa wa mradi alikuja Ijumaa kutoka Hola. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchovu, na alikuwa na miradi mingine mitano iliyokuwa imezama. Aliniita nje, karibu na matangi ya dizeli, ili mzee asisikie.

"Dada, tuambiane ukweli," alisema. "Mzee haoni. Si kweli?"

Nikapangusa mikono yangu kwa kitambaa.

"Nitamwomba apumzike. Kwa heshima, bila kelele. Na injini tutaipeleka yote Mombasa wakaiunganishe wenyewe."

"Itarudi lini?"

"Kabla ya mvua, Mungu akipenda."

Mvua zilikuwa mbali. Nilimfikiria yule mama na kamba yake. Nilimfikiria mzee akiambiwa apumzike kwa heshima, bila kelele. Sikujua nitasema nini mpaka nilipojisikia nikisema.

"Mkubwa, hatujui kama ni macho. Sisi hatujui lolote, kwa sababu hatuna kitu cha kutujulisha. Tunapima mdomo wa slivu kwa vidole. Nipe chombo cha kupimia ndani, nipime kila mahali, halafu uamue."

Alinitazama. "Chombo gani?"

"Bado sijui. Nitakwenda kukichagua."

"Kimoja," alisema hatimaye. "Bajeti yangu inaruhusu kimoja. Na ukichagua vibaya, dada, injini inakwenda na mzee anakwenda."

Nilisafiri Jumatatu. Slivu letu lilikuwa bado limeshikana na pistoni, na mzee alikuwa amelilaza ndani ya dizeli ili lilainike. Kwa hiyo nilichukua slivu jingine la aina ileile, kuukuu, lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana miaka mingi. Nilijua limechakaa na kupoteza uduara wake, maana hata kwa kalipa ungehisi upande mmoja umelika kuliko mwingine. Nililitaka hivyo. Nilifikiri kwamba chombo kizuri kitaniambia ninachokijua tayari, na kile kisichoweza kuniambia ninachokijua, nitakiamini vipi kwa nisichokijua? Nililisafisha, nikalifunga ndani ya gunia, nikalibeba hadi Mombasa kwenye duka la vifaa vya ufundi ambalo tulikuwa tukilipita kwa mbali siku zangu za chuo, kwa sababu hatukuwa na la kununua humo.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mji, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Nilipoliweka slivu juu ya kaunta yake ya kioo, alilivutia upande wa mbao bila kuniuliza.

"Haya mwanangu, wataka kujua nini?"

"Nataka kupima kipenyo cha ndani."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza, wataka kujua nini?"

Nilifikiri ananichezea. Baadaye nilielewa kwamba swali lake ndilo lililoniokoa. Lakini wakati ule nilijibu tu, "Upana," naye akaniletea vitu vinne na kuvipanga juu ya kitambaa.

Cha kwanza kilikuwa vernia ya betri, kipimo cha taya mbili kinachoonyesha namba kwenye kioo kidogo. Nikaipenda papo hapo. Hakuna kukodoa macho, hakuna kubahatisha mistari. Hata mzee angeisoma. Nilitia taya zake ndani ya slivu na namba zikatokea, safi, kama saa ya mkononi. Kisha nikajaribu kuiteremsha. Taya zilikuwa fupi kama kidole gumba, na slivu lilikuwa na kina cha kuingiza mkono hadi karibu na kiwiko.

"Hiyo nzuri mdomoni," yule mama akasema. "Ndani haifiki."

Cha pili kilikuwa kijiti chenye umbo la herufi T, ambacho mikono yake miwili hujifungua kwa springi na kugusa kuta. Ukikaza skrubu, inabaki hapo, unaitoa na kuipima kwa mikromita. Hiki kilifika ndani. Nilipima mahali pamoja mara tatu, nikapata majibu matatu. Tofauti zilikuwa ndogo, lakini mimi nilikuwa nimekuja kutafuta vitu vidogo. Kila nilipokaza skrubu, mkono wangu uliongeza neno lake. Nilikirudisha kwenye kitambaa.

Cha tatu kilinishika moyo. Kilikuwa mikromita ya ndani yenye miguu mitatu inayotoka kwa pamoja. Unaizungusha, miguu inakaa ukutani, chombo kinajiweka katikati chenyewe, na ukirudia mara kumi unapata jibu moja. Kilikuwa kizito na baridi na kimetengenezwa vizuri ajabu. Nikasema, "Hiki."

"Wallahi ni kizuri," alisema.

Lakini jambo moja lilikuwa limenikera. Nilikigeuza kidogo ndani ya slivu lile kuukuu, nikapima tena. Jibu lilelile. Nikakigeuza robo ya mzunguko. Karibu lilelile. Slivu ambalo nilijua kwa vidole vyangu kwamba limelika upande mmoja lilikuwa likionekana mviringo kamili. Nilisimama pale nikilitazama mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nikifikiria kigoda cha nyumbani, kile cha jikoni cha miguu mitatu, ambacho hakiyumbi popote unapokiweka, na kwa sababu hakiyumbi hakikuambii kamwe kwamba sakafu ina bonde.

"Mama," nikasema, "sitaki kujua upana tu. Nataka kujua kama shimo ni la mviringo, na kama juu ni sawasawa na chini."

"Sasa umenambia," akasema, na akavaa miwani yake.

Cha nne kilikuwa fimbo nyembamba, juu yake pana uso kama wa saa wenye mshale, na chini pana ncha moja isiyosogea na nyingine ndogo inayosukumwa na ukuta na kuupeleka msukumo ule juu kwenye mshale. Chenyewe hakijui upana wowote. Unakifundisha kwanza kwa mikromita, unaweka mshale kwenye sifuri, kisha unakitia ndani na kukiyumbisha polepole mbele na nyuma. Mshale unakwenda, unafika mahali unageuka na kurudi. Pale unapogeukia ndipo penye jibu. Mikromita tulikuwa nayo karakana, nzima kabisa. Yule mama aliniazima yake, nikaweka sifuri, nikatumbukiza fimbo.

Nilipoizungusha, mshale uliondoka sifuri ukakimbia hadi mistari ishirini na kitu, ukarudi. Hapo ndipo upande ulipolika. Nilipoishusha, ukasogea tena, nikaona jinsi slivu lilivyopanuka juu, mahali ringi za pistoni zinapogeukia, na lilivyobaki jembamba chini. Nilirudia kila mahali, na kila mahali mshale ulirudi kwenye mstari uleule. Nilicheka kwa sauti. Kile chuma kilichotupwa kilikuwa kikisimulia maisha yake yote.

Yule mama alikifunga ndani ya kisanduku chake. "Kwenu kuna joto," alisema. "Usipime kitu kilichotoka juani. Kiweke kifaa na hicho chuma pamoja kivulini usiku kucha, vipoe sawa, upime asubuhi mapema."

Nilirudi Garsen nikakuta mzee amekwisha kuitoa pistoni, kwa nyundo ya mbao na subira ya siku tatu. Nilimwonyesha kisanduku. Aliangalia ndani, akasema kimeundwa vizuri, akaenda kukaa kwenye kreti lake mlangoni. Slivu na kifaa vililala pamoja mezani.

Asubuhi nilifika jua likichomoza. Mzee alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi.

"Pima," akasema.

"Tupime pamoja, Mzee."

"Pima wewe. Mimi nitasikiliza."

Namba yake ya chaki ilikuwa bado ukutani. Niliweka mikromita kwenye namba ileile, nikaweka sifuri ya mshale hapo. Sikumwambia kwa nini, lakini alielewa. Nilimwona akigeuza uso nje. Nilitafuta mahali pasipo na mikwaruzo, mdomoni mwa slivu, pale alipopima yeye. Nilitumbukiza fimbo, na mshale ukatikisika. Nikasubiri. Nikayumbisha fimbo, mbele, nyuma. Mshale ukaenda, ukageuka.

Ulikuwa umepita sifuri kwa mstari mmoja. Sehemu moja ya mia.

"Mzee," nikasema, "namba yako ni sahihi."

Aliendelea kutazama nje.

"Tofauti ni mstari mmoja. Kwa kalipa! Njoo uone."

"Usinidanganye ili kunifurahisha, binti."

"Sikudanganyi. Ngoja." Nikaishusha fimbo hadi katikati. Mshale ukasogea upande wa wembamba, mistari mitatu. Nikaishusha zaidi, hadi karibu na mwisho wa chini, pale ambapo miguu ya kalipa yetu isingefika hata tungelazimisha. Mshale ukaenda, nne, sita, nane, ukageukia tisa.

Nilielewa kabla sijaweza kusema. Slivu lilikuwa limechongwa kama faneli. Juu lilikuwa sawa, kama mzee alivyopima. Chini lilikuwa limebana kwa sehemu tisa. Katika zile kumi na mbili za pengo, chini zilibaki tatu tu. Kisu cha mchongaji kilikuwa kikilika kadiri kilivyoteremka, na hakuna aliyeangalia. Pistoni ilipopata moto ikavimba, ikakosa pa kwenda. Mikwaruzo yenyewe ilikuwa yote nusu ya chini, mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tumeitazama bila kuiuliza.

Nilimweleza. Alinyanyuka, akaja mezani.

"Rudia."

Nikarudia. Juu mstari mmoja, katikati mitatu, chini tisa.

"Rudia tena."

Nilirudia mara nne. Mara ya nne aliinama yeye mwenyewe juu ya uso wa kile kifaa, pua yake karibu igonge kioo, kisha akarudi nyuma kidogo, kidogo tena, mpaka akapata umbali wake.

"Huu mshale nauona," akasema. "Ile mistari ya mikromita siku hizi naikisia. Siku ile niliikisia. Lakini huu nauona."

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema habari ya macho yake. Alikaa juu ya kreti, akavua kofia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikageukia dirishani nimpe nafasi. Kisha nikasikia kwamba anacheka, kicheko cha chini kabisa kisicho na mwisho, kama maji yanayotoka kwenye bomba lililokuwa limeziba. Nami nikaanza kucheka. Nikahisi njaa ya ghafla, ya siku kumi nzima.

"Mzee, nisamehe," nikamwambia tulipotulia. "Siku ile ilinipasa kupima baada yako."

"Ungepima mdomoni kama mimi, ungepata namba ileile," akasema. "Lakini ndiyo. Siku nyingine upime. Hata nikinuna."

Nilizungumza na afisa kwa redio asubuhi hiyohiyo, nikamsomea namba. Kukawa na mikwaruzo hewani, kisha akasema, "Kwa hiyo mzee…"

"Mzee alipima sawa, mkubwa. Over."

"Nimesikia," akasema. Halafu, "Nimefurahi kusikia."

Slivu lilirudi kwa wachongaji likiwa na karatasi yenye namba zangu, mahali tisa, juu hadi chini. Hawakubishana. Walibadilisha kisu, wakalitanua hatua moja zaidi, na pistoni ya ukubwa huo ikapatikana. Lilipofika Garsen tulililaza kivulini usiku kucha, na asubuhi tukalipima mimi kwanza, kisha mzee, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake bila kumwonyesha mwenzake. Tulipoziweka pamoja, hakuna mahali tulipotofautiana zaidi ya mstari mmoja, na hakuna mahali slivu lilipobana.

Tuliwasha siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi. Watu walikusanyika kwa mbali. Nadhani waliogopa kutupa mkosi kwa kutukaribia. Saa ya kwanza ilipita. Nilikaa karibu na silinda nikiweka mkono, nikiondoa, nikiweka. Saa ya pili mzee aliniambia niache kuipapasa kama ng'ombe mgonjwa. Saa ya nne ikakaribia. Mzee alifumba macho. Nami nilifumba. Mlio ukaendelea kugonga, mwepesi, ukiwa na mapigo sawa, na saa ya nne ikapita, na ya tano, na mtu fulani huko juu kwenye tangi akapiga kelele kwamba maji yanamwagika.

Yule mama wa wafugaji alikuwa wa tatu kwenye foleni ya bomba. Alijaza mtungi wake, akauinamisha, akanywa palepale akiwa amesimama, maji yakimtiririka shingoni. Aliponiona aliinua mkono wenye kovu, akajitwika mtungi akaondoka bila haraka. Adhuhuri ilipopita tuliizima injini sisi wenyewe, kwa sababu tangi lilikuwa limejaa.

Wiki mbili baadaye mzee aliomba ruhusa ya siku tatu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikuwa akienda Malindi hospitali, macho. Mkewe aliniambia alikuwa amemsihi aende tangu mwaka uliopita, naye akikataa.

"Alikuwa akiogopa waseme hana kazi tena," alinieleza. "Sasa hata sijui nini kimemtoa hofu. Aliamka tu asubuhi akasema, nipigie pasi shati."

Walimkuta na mtoto wa jicho, kwenye jicho la kulia peke yake. Walimfanyia upasuaji mwezi uliofuata. Alirudi na kitambaa cheupe usoni, amekonda kidogo, akalalamikia chakula cha hospitali kwa nusu saa, kisha akauliza kama nimebadilisha mafuta ya injini. Nikamwambia nimebadilisha. Akauliza, kwa saa ngapi za kazi? Nikamtajia. Akasema nilichelewa siku moja, na akaketi kunywa chai.